Kumpeleka mama Ujerumani 2030 kuona igizo la Mateso la Oberammergau: inalipa au tutakuwa tumechoma hela?

Mgebuka_Mkavu (Kigoma):
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa ya waliofika Ulaya.

Mama yetu anauza mawese na dagaa pale Kibirizi, na kwaya ya parokia ndiyo maisha yake. Ijumaa Kuu vijana wakiigiza Njia ya Msalaba, yeye ndiye mshonaji wa kanzu zote, na ndiye anayewafokea askari wa Pilato wanaokuja wamevaa raba. Sasa walipita Wajerumani fulani waliotaka kuiona meli ya Liemba, si unajua ilitengenezwa kwao Papenburg mwaka 1913 ikaletwa huku vipande vipande. Mmoja akamwonyesha mama kwenye simu picha za kijiji kimoja cha kwao, Oberammergau, ambako wanakijiji huigiza Mateso ya Bwana kila baada ya miaka 10. Tangu siku hiyo nyumbani hatulali.

Zamu inayofuata ni 2030. Tumeanza kuchanga kidogo kidogo. Dada anasema hizi ni ndoto za Alinacha, kaka mkubwa anasema hela hiyo ijenge choo kwanza. Hela tuachieni wenyewe. Ninachouliza ni hiki: mtu asiyejua Kijerumani hata salamu, akae masaa kibao pale, atatoka na kitu?

Bangwe_Kwetu:
Mkuu, Ujerumani ya nini na hija ya mashahidi wa Uganda pale Namugongo ipo? Tarehe 3 Juni kila mwaka, si kila miaka 10. Unapanda basi, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, unazunguka Bukoba, Mutukula, mpaka Kampala. Hakuna viza. Pale si igizo, ni mahali penyewe walipochomwa Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Mama atakutana na watu wametembea kwa miguu wiki nzima, wengine wametokea Kenya. Ulaya atakaa kwenye kiti atazame wazungu wamevaa shuka.

Binti_Ujiji:
Kaka Mgebuka, mpe mama shikamoo yangu. Mimi mtoto wa Ujiji, nauguza wazee huku Bavaria, na igizo hilo nililiona 2022 na wenzangu wa kazini. Lilikuwa liwe 2020, korona ikalisogeza.

Nianze na ya mwili. Ni kama saa tano. Nusu ya kwanza alasiri, halafu mnaachiwa saa tatu za kula na kuzunguka kijijini, mnarudi jioni mpaka usiku. Watazamaji mna paa, viti ni kama 4,500, lakini jukwaa liko wazi juu. Mvua ikinyesha inamnyeshea Yesu mwenyewe. Siku yangu ilianza tukiwa Gethsemane, mitume wamelala chini wanalowa, na hakuna aliyejitikisa. Na baridi! Kile kijiji kiko mita 800 na ushee kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na hapo Kigoma, ila kimekaa kwenye milima ya Alpi. Mwezi wa saba huo nilitamani kitenge cha pili. Mama aje na koti, soksi, na kitu cha kukalia.

Lugha itamtupa pale Baraza la Wayahudi linapobishana. Wanaongea, wanaongea, wanaongea. Mimi Kijerumani nakijua na bado nilipiga miayo. Wanauza kitabu cha maneno kwa Kiingereza, lakini ukiinamia kitabu jukwaa linakupita. Hata hivyo hadithi mama anaijua. Petro akikana mara ya tatu atajua bila mkalimani.

Kilichonibeba ni kwaya. Muziki ulitungwa na mwalimu wa shule wa kijiji hichohicho, Rochus Dedler, zaidi ya miaka 200 iliyopita, na wanaoimba na kupiga vyombo ni wanakijiji. Katikati ya matukio kwaya inaingia, pazia la nyuma linafunguka, unaona picha ya Agano la Kale iliyopangwa kwa watu hai. Hawasogei, hawapepesi jicho, mpaka wimbo uishe. Kwenye kisa cha Musa palikuwa na katoto kamepiga magoti mbele kabisa. Nikakakodolea macho nikisubiri kajikune. Hakakujikuna.

Halafu kuna kijiji chenyewe. Watu kama 5,000, na huruhusiwi kuigiza kama hukuzaliwa pale au hujaishi pale miaka 20. Wanaume wanaacha kunyoa tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka uliotangulia, isipokuwa wanaoigiza Warumi. Aliyetuletea supu wakati wa mapumziko alikuwa na ndevu za kufika kifuani. Usiku nikamwona kwenye lile kundi linalopiga kelele asulubiwe. Haya yote yanatokana na nadhiri ya mwaka 1633, tauni ilipokuwa inawamaliza. Waliahidi kuigiza Mateso wakiokolewa, na 1634 wakaigiza makaburini, juu ya maiti wao wenyewe. Mungu anisamehe, hilo lilinishika kuliko msalaba.

Ila mwambieni mama mapema: si ibada. Hakuna misa mle ndani, hakuna kukomunika. Na mwisho waigizaji hawarudi jukwaani kuinamia watu, inaisha hivyo tu, mnainuka mnatafuta basi lenu.

Hukumu yangu: mwanakwaya anayeshona kanzu, aje. Kaka yako mkubwa abaki ajenge choo.

Mzee_wa_Reli (Tabora):
Binti umeeleza vizuri, lakini usiwafiche watoto wa mwenzio. Igizo hilo ndilo Hitler alikwenda kulitazama 1930 na tena 1934, na akalisifu. Kwa vizazi na vizazi liliwafundisha watu kwamba Wayahudi ndio wauaji wa Mungu. Mimi nimesali miaka mingi, sioni kwa nini nichangie hilo.

Binti_Ujiji:
Shikamoo mzee. Sikufichi, ni kweli tupu, na wao wenyewe hawakatai. Ndiyo maana mwongozo umeandikwa upya mara nyingi, hasa tangu Christian Stückl ashike usimamizi kwa igizo la 1990. Siku hizi Yesu wao ni Myahudi waziwazi: kwenye Karamu ya Mwisho wanasali Kiebrania, na kuna mahali anainua gombo la Torati umati mzima unaimba "Shema Israeli", sala ya Wayahudi. Yule kijana aliyekuwa Yuda 2022, Cengiz Görür, ni Mwislamu wa kijijini hapo. Zamani hata mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kupanda jukwaani, nalo likaondolewa 1990. Kama hayo yanatosha au hayatoshi, mzee, mimi sitakubishia.

Mzee_wa_Reli (Tabora):
Marahaba. Nimekusikia. Mimi bado siendi.

Mgebuka_Mkavu:
Ahsanteni wote. Binti, tumemsomea mama majibu yako. Kwenye baridi kanyamaza. Kwenye kwaya akasimama. Anauliza kanzu zao zinafananaje. Na mimi nauliza: safari yenyewe ikoje?

Binti_Ujiji:
Mwambie mama 2022 rangi zilikuwa za kijivu na udongo, hakuna mng'aro wala zile satini za bluu za Bikira Maria tulizozoea. Angewasema.

Safari: ndege mpaka Munich, kisha treni mpaka Murnau, pale unabadilisha unapanda katreni kadogo mpaka kijijini. Tiketi nyingi zinauzwa pamoja na malazi, na zinawahi kuisha, kwa hiyo msingoje 2030 ndipo muulize. Viza ya Schengen ni euro 90, bima ya matibabu ya kuanzia euro 30,000, na maombi hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Alama za vidole anatoa mwenyewe, kwa hiyo lazima ashuke Dar. Watataka kuona ana kitu cha kumrudisha nyumbani: biashara yake, nyumba, wajukuu. Na asije peke yake. Mmoja wenu amsindikize.

Bangwe_Kwetu:
Kumbe hela ya watu wawili! Namugongo, Namugongo, Namugongo.

Mgebuka_Mkavu:
Bangwe, umeshinda nusu. Tumekubaliana Juni ijayo tunampeleka Namugongo, mimi na dada. Tutaona miguu yake inahimili vipi foleni na kukaa juani, na kwa safari hiyo itabidi apate pasi ya kusafiria, ambayo hajawahi kuwa nayo. Yeye hesabu yake ni tofauti: anasema hiyo ni ya Waganda, ya Wajerumani iko palepale, na ameshaanza kututoza elfu mbili mbili kila Jumapili baada ya misa. Dada ananuna ila analipa. Binti, tiketi zikitangazwa naomba unishtue.