Mjadala: Tuanze na jina la Jiwe la Bismarck, au na wazee wa 1958?

Mleta mada (Ilemela)

Wakuu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari ya kata. Hoja ya kulibadilisha jina Jiwe la Bismarck pale Kamanga, Mwanza, imerudi tena vijiweni, nami nimeulizwa msimamo wangu. Ni huu: jina lile halistahili kukaa pale, Bismarck mwenyewe, yule kansela wa Ujerumani, hakuwahi kulitia Ziwa Victoria machoni. Lakini jiwe litakuwepo mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Wazee walioandamana mwaka 1958 kuipinga serikali ya kikoloni sina hakika.

Nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu harakati za uhuru. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema babu yake mzaa mama alikuja kwa miguu kutoka Geita hadi Mwanza "kwenye ile ya TANU". Wenzake wakamcheka. Mimi nilijua anasema nini, na nilijua pia kwamba miaka tisa nimesimama ubaoni sijawahi kulitamka jambo hilo.

Kwa wasiojua: huku Usukumani TANU ilizuiwa kuanzia 1954 hadi 1958, kwa hiyo siasa ikahamia kwenye pamba. Wakulima walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Juu ya hapo kulikuwa na amri za kupunguza mifugo na kulima matuta, ukikaidi unatozwa faini. Basi mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipoipa Geita baraza la wilaya lenye viti vya Wazungu na Waasia, watu wakakataa, na maelfu yao wakaja Mwanza kudai lifutwe. Polisi wakawatawanya.

Jumamosi nikamfuata yule mzee. Siku hizi unavuka Kigongo kwenda Busisi juu ya daraja la kilometa 3, hata hujamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Kitu cha kwanza aliniuliza nimekula nini njiani. Kisha akaniambia wao walifunga michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye vitambaa, ikaisha safari haijafika nusu, wakalishwa na akina mama wa vijijini ambao mpaka leo yeye hajui majina yao. Nimelitafuta hilo la akina mama kila kitabu nilicho nacho. Halimo.

Sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili ni la lazima na linafundishwa kwa Kiswahili. Zamani mwanafunzi alitoka kwa babu na maneno, akayavunja kuwa Kiingereza ndipo apate alama. Kizuizi hicho kimeondoka. Napendekeza kila mwanafunzi wa kanda hii apewe kazi mradi moja: mzee mmoja, daftari moja, na alama zihesabiwe. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule anakaribia 90. Nawasilisha.

Mchangiaji wa Kirumba

Mwalimu, heshima yako, ila jina umelichukulia kirahisi. Mimi kazi yangu ni ziwani. Nikienda Ukerewe napita Ghuba ya Speke. Upande wa Chato kuna Ghuba ya Emin Pasha. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika hapa tarehe 3 Agosti 1858, na katika msafara wake alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani. Sijawahi kutia nanga kwenye mwalo wenye jina la Bombay. Mwanangu ana miaka minne, hajui kusoma, lakini "Bismarck" anatamka vizuri kabisa. Huyo mzee wako utamfikisha kwake saa ngapi?

Mchangiaji wa Nyakato

Mimi napinga hiyo kazi mradi. Machifu walifutwa 1963 ili mtu wa Geita na mtu wa Ukerewe wakae benchi moja. Mzee atakusimulia utukufu wa ntemi wake, yaani chifu wake. Aliyelazimishwa kumlimia ntemi huyo hatasikika. Na katika hilo la 1958, wako watemi waliosimama na serikali. Wajukuu wa pande zote wamo darasani kwako, mwalimu. Umejiandaa nao?

Mchangiaji wa Nansio

Neno moja tu. Mzee wetu Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe maisha ya watu wetu. Kitabu kilichapwa 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki. Kwa hiyo tusisingizie kwamba wazee hawakuandika.

Mchangiaji wa Magu

Mwalimu, umechagua kumbukumbu tamu. Sisi tumewazika vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Miaka ya 1970 watuhumiwa wa mauaji hayo wakafia mikononi mwa dola, Mwanza na Shinyanga, hadi Mzee Mwinyi akajiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani. Bibi yangu alihamishwa kwenye operesheni ya vijiji, akaiacha mihogo shambani. Mwanafunzi akirudi na daftari lenye hayo, utampa alama au utamwambia afute?

Mleta mada (Ilemela)

Dada wa Magu, nitampa alama, na nakiri kwamba nilipoandika juu pale sikuwa nimeyafikiria hayo. Nilikuwa nawaza mashujaa. Mwalimu mkuu akiuliza, nitabeba mimi.

Wa Nyakato, kwa kuwa wajukuu wa pande zote wamo darasani, wawili watumwe kwa wazee wawili na wasome madaftari yao siku moja. Kuwanyamazisha wote hakujawahi kuwakalisha benchi moja. Aliyechekwa darasani kwangu alichekwa kwa sababu ya ukimya huo. Wa Kirumba, kwa mwanao umenishika. Sina jibu la mtoto wa miaka minne, na hapo naungana nawe, jina liondoke. Ila likiondoka, mtalipa jiwe jina gani? Mkiniuliza mimi, sitataka tena jina la mkubwa yeyote.

Jumamosi hii narudi Geita na wanafunzi sita. Mzee amekumbuka kijiji kimoja walikolishwa. Tutaanza kuuliza huko majina ya wale akina mama.