Naomba ushauri: kupima nitrati kwenye visima vya maji ya chumvi Bagamoyo

Wakuu, tunapima nitrati (chumvi ya nitrojeni inayotokana na kinyesi) kwenye visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo, kwa elektrodi (kijiti cha kupimia kinachotumbukizwa majini). Shida ni kloridi, iliyomo kwenye chumvi: elektrodi huihesabu kama nitrati, majibu yanapanda. Kuzimua sampuli kwa maji safi hakusaidii, uwiano wa kloridi na nitrati unabaki uleule.

Salfeti ya fedha huondoa kloridi, lakini inahitajika 4.4 mg kwa kila 1 mg ya kloridi. Sampuli ya ml 50 yenye kloridi 600 mg kwa lita inakula takribani 130 mg. Ghali mno, na mabaki ya fedha hayamwagwi ovyo.

Je, tuhamie kupima kwa mwanga wa urujuanimno, wa urefu wa mawimbi wa nanomita (nm) 220 na 275? Kloridi haisumbui pale, ila uchafu wa chooni nao hufyonza mwanga. Kipimo cha 220 huonyesha nitrati pamoja na uchafu, cha 275 uchafu tu; mara mbili ya kipimo cha 275 ikizidi asilimia 10 ya kile cha 220, jibu silitegemei. Aliyewahi kusafisha sampuli za namna hii alitumia nini?

Kikomo cha nitrati cha WHO ni 50 mg kwa lita, na wanaoumia zaidi ni vichanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Kuchemsha huongeza kiwango cha nitrati kwa sababu maji hupungua, hakuiondoi, kwa hiyo kina mama wanahitaji namba sahihi.