Mjadala: Somo la kuchora mandhari Lubumbashi lianzie kwa nani? (Katuba, Kampemba na Kenya ni mitaa ya mji huu.)

Mwalimu, Katuba
Mkutano wa wazazi uliisha kwa ubishi. Wengine wanataka watoto wanakili picha za vitabuni, mlima wenye theluji na ziwa chini yake. Mimi nasema waanze na wachoraji wa mji huu. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iitwayo Hangar hapa, enzi mji ukiitwa Elisabethville. Humo walitoka Bela Sara aliyepaka rangi kwa vidole, Pili Pili Mulongoy na ndege na samaki wake, na Mwenze Kibwanga. Mtazameni Mwenze kwa karibu: mtu, mnyama na nyasi, vyote amevijenga kwa mistari mifupi mifupi iliyobanana. Mtoto wa miaka 8 anaiweza kwa kalamu moja. Theluji ataikisia tu.

Mzazi, Kampemba
Mwalimu, kwa heshima yote, Hangar ni yetu kiasi gani? Mwanzilishi Mfaransa, wanunuzi wazungu wa ukoloni. Mle mna swala na nyoka. Kiwanda cha shaba kilichokuwa kikifuka moshi mjini humu tangu 1911 kiko wapi? Wapeni picha za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi hii picha karibu 100, hata mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière wa 1941.

Mama, Kenya
Tshibumba kwa watoto wa darasa la tatu? Mle mna watu wanaopigwa risasi. Nyumbani kwetu saloni ilikuwa na ile picha ya Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji, mtu amelazwa chini anachapwa fimbo, na tulikula chini yake kila siku. Wangu wasubiri wakue.

Mwalimu, Katuba
Mama, nimekusikia: picha za risasi zibaki kwa wakubwa. Baba wa Kampemba naye ana haki kuhusu kiwanda, ila kuchora hakukuletwa na Hangar. Albert na Antoinette Lubaki, wachoraji wa Bukama, Katanga hii hii, kazi zao zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, kabla ya karakana hiyo kuwepo. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mtoto wa Katanga aanzie kwenye theluji ya watu.

Ninachotaka ni hiki: mkono wa Mwenze, macho yao wenyewe. Watoke nje wachore kichuguu, kile kirefu kuliko nyumba, upande mmoja kimekatwa kwa sababu watu wamechimba udongo wa matofali. Pale palipokatwa wekundu umeiva. Juu, ambako mvua na jua vimepita, umepauka. Kuona tofauti hiyo tu ni somo la wiki nzima. Rangi za dukani hatuna, lakini makaa yapo, udongo mwekundu upo, na gunia la unga likivutwa kwenye fremu linapokea rangi vizuri.

Mzazi, Kampemba
Gunia nitaleta. Lakini bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha taka za kiwanda viwemo. Mwanangu anaviona kila asubuhi akienda shule.

Mama, Kenya
Hapo sipingi. Ila nani atawavusha barabara?