Nisaini mkataba mwingine wa kufundisha chuo na malipo ya nyuma sijayaona? Naombeni ushauri

Mwalimu_wa_Jioni
Hamjambo jamani. Siku zote mimi ni msomaji tu humu, leo imenibidi niandike. Nafundisha kozi za ustawi wa jamii katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, mniwie radhi sitakitaja, kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Mchana nina kazi yangu katika kituo cha watoto kule Likoni. Natoka saa kumi na moja kasorobo, navuka feri, saa kumi na moja na nusu niko darasani.

Darasa nalipenda, sitaki kuwaficha. Nina askari jela, wahudumu wa afya wa kujitolea, na mama mmoja anayeuza viazi karai Kongowea ambaye mvua inyeshe isinyeshe yuko kiti cha mbele. Tukifika ulinzi wa mtoto hawangoji niwasomee Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Wananiletea mambo ya mtaani kwao na kuniuliza, hapa mwalimu tungefanyaje?

Shida ni malipo. Mihula miwili nimefundisha, fomu za madai nimejaza, jibu ni kwamba ziko kwa mhasibu. Sasa mwenyekiti wa idara anataka nichukue kozi mbili zaidi muhula ujao, na barua ninayo hapa. Mume wangu anasema niachane nao. Mimi naona nikikataa nitakuwa nimejifungia mlango, kwa sababu nataka siku moja waniajiri kabisa. Nisaini au nisisaini? Usingizi umeniruka.

Nahodha_Mtongwe
Usisaini dada. Mimi nilikuwa na malori mawili ya kubeba makontena pale Miritini. Reli mpya ilipoanza mwaka 2017 mizigo ikapungua, wateja wakawa wananiambia "beba hii, tutalipana ikifika mwisho wa mwezi". Nikabeba. Dereva anataka chake, mafuta yanataka yake, benki haina subira. Lori moja lilienda kwa dalali, la pili nililiuza mwenyewe kabla halijafuatwa. Mtu asiyekulipa ya jana hana sababu ya kukulipa ya kesho.

Shangazi_wa_Majengo
Mwanangu, mimi sitazungumzia mkataba. Unatoka kazini jioni, unaingia darasani, unarudi nyumbani saa ngapi? Watoto wanakuona saa ngapi? Mumeo kasema kwa upole, usingoje aseme kwa ukali. Unawafundisha watu kulea familia za wenzao na ya kwako nani anailea?

Chuma_Kilindini
Shangazi, dada kauliza mambo ya mshahara wewe umeingia jikoni kwake 😂 Hata hivyo mimi namwambia afungue kibanda cha mahamri na mbaazi nje ya lango la chuo. Wahadhiri watakopa, wanafunzi watalipa, hesabu itakaa sawa.

Wakili_Kijana
Tuache masihara kidogo. Mwalimu, nijibu mawili. Kwanza, ile mihula miwili ulikuwa na barua iliyosainiwa na pande zote mbili? Pili, walikuambia watakukata kodi ya namna gani?

Kama wanakukata kodi ya mshahara kama mfanyakazi, madai yako ni ya ajira, yanakwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na una miaka 3 tu ya kuyafungua tangu haki hiyo ilipokiukwa. Kama wanakukata ile asilimia 5 ya ada za kitaalamu, wao wanakuona mtoa huduma, na hapo unaweza kujaribu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Lakini mahakama hiyo haigusi migogoro ya ajira. Ukikosea mlango utarudishwa.

Mwalimu_wa_Jioni
Ahsante wakili. Muhula wa kwanza barua ilikuja mitihani ikiwa imeshaisha. Wa pili sikupata, nilianza kwa neno la mdomo kwa sababu ratiba ilishabandikwa na wanafunzi walishakaa darasani. Ningefanyaje, niwaache wakodoe macho? Kodi walisema ni hiyo asilimia 5.

Shangazi, nimekusikia.

Karani_Mstaafu_Tudor
Mimi nilifanya kazi ofisi ya mitihani, si chuo hicho ila vyuo ni vilevile. Nina swali moja tu. Alama za hiyo mihula umeshaziwasilisha?

Mwalimu_wa_Jioni
Kozi zangu zote nilizimaliza. Saa 45 kwa kila kozi, sikukosa kipindi, na orodha za mahudhurio ninazo zimesainiwa na kiranja. Mafunzo ya nyanjani, yale ya vitendo kwenye vituo vya kazi, nilisimamia mimi. Niliwatembelea wanafunzi Mariakani, Kwale mpaka Kilifi kwa nauli yangu mwenyewe.

Karani_Mstaafu_Tudor
Sikuuliza kama ulifundisha. Nimeuliza alama ziko wapi.

Nahodha_Mtongwe
Karani kashika usukani.

Mwalimu_wa_Jioni
Haya. Alama ninazo mimi. Karatasi nimesahihisha zote, ziko kwangu Mishomoroni ndani ya kabati pamoja na madaftari yao ya nyanjani. Nimemwandikia mwenyekiti wa idara kwamba alama zitakuja siku moja na pesa.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Kuna mwenzangu aliwasilisha zake mapema, kwa heshima zote, na mpaka leo anapigwa tarehe. Fomu ya madai haina meno, wala barua pepe. Alama ndicho kitu pekee wanachokihitaji kutoka kwangu, na wakishazipata mimi nitakuwa sina tena cha kushika. Sikuziharibu wala sikumpunguzia mtu. Nimeziweka tu.

Wakili_Kijana
Mwalimu, hili ndilo lilipaswa kuwa mstari wako wa kwanza.

Mjomba_Kisauni
Nimekuwa mfanyakazi wa jamii miaka mingi, sasa niko kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia waraibu wa heroini, huku Kisauni, kwa hiyo niseme kama mtu wa fani moja na wewe. Mtu anakuja dirishani kuchukua dozi yake. Serikali ikichelewesha mshahara wangu, naweza kugoma, naweza kuandamana, naweza kwenda kwa chama. Siwezi kumwambia yule kijana "dozi yako itatoka siku moja na mshahara wangu". Wewe ndiye unayewafundisha kwamba mteja hageuzwi chombo cha ugomvi wa watu wengine. Mwanafunzi wako leo ndiye mteja, na yumo kabatini.

Malipo ni haki yako, hilo silipingi hata kidogo.

Mwalimu_wa_Jioni
Mjomba, mfano wako mzito, lakini asiyepata dozi anaumia siku hiyohiyo. Alama zikichelewa majuma machache hafi mtu. Na mbona kila mara anayeambiwa awaonee wanafunzi huruma ni mwalimu wa mkataba? Waliokaa na fedha hawaambiwi kitu. Mimi nilipowatembelea wanafunzi Kwale, kuna mmoja alikuwa amewekwa kituoni kufagia na kuchemsha chai. Niligombana na msimamizi mpaka akapewa kesi ya kufuatilia chini ya uangalizi. Hayo sikulipwa. Msinifundishe kuwapenda.

Mwaka_wa_Nne
Samahani wakubwa wangu. Mimi ni mwanafunzi wa ustawi wa jamii, sijui kama ni wako mwalimu, na sitauliza. Alama zangu za nyanjani hazionekani. Nimepata nafasi katika kituo kimoja cha watoto Ukunda na wanataka matokeo kamili, barua ya idara wameikataa. Wamesema watanisubiri hadi mwisho wa mwezi. Mkopo wa elimu ya juu nao hausubiri, nitatakiwa kuanza kuulipa. Nyumbani wanaamini nimefeli nawaficha. Ni hayo tu.

Shangazi_wa_Majengo
Masikini mtoto wa watu.

Popo_wa_Kibokoni
Ngojeni kwanza. Hivi hamuoni? Uzi huu umetungwa. Mwalimu anatoka kazini Likoni saa kumi na moja kasorobo halafu saa kumi na moja na nusu yuko darasani kisiwani? Jioni? Kwa feri ya Likoni? Sisi ni wa hapa, tusidanganyane. Halafu kwa bahati njema anatokea mwanafunzi wa mwaka wa nne mwenye machozi tayari. Ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili, mwanafunzi aliyekosa alama anatafuta njia ya kumtisha mwalimu wake.

Chuma_Kilindini
Mmh. Popo kasema kweli, feri ya jioni mimi imenifanya nikose futari mara ngapi.

Nahodha_Mtongwe
Popo, wewe umekaa sana kwenye baraza. Jioni umati unatoka kisiwani kurudi Likoni. Anayeelekea mjini saa hiyo anakwenda kinyume na watu, anapanda chombo kinachorudi kikiwa na nafasi tele. Mtembea kwa miguu halipi wala hapangi foleni ya magari. Akishuka ng'ambo achukue bodaboda, nusu saa inamtosha na salio linabaki.

Popo_wa_Kibokoni
Na ikikwama katikati ya maji?

Nahodha_Mtongwe
Ikikwama anachelewa. Kwani yeye kasema hajawahi kuchelewa?

Chuma_Kilindini
Lakini lile daraja la miguu la Liwatoni la mwaka 2021 lilikuwa limetutoa kwenye haya mambo. Mimi nilikuwa navuka kwa miguu yangu napiga mluzi.

Karani_Mstaafu_Tudor
Rudini kwenye mada jamani, feri ina uzi wake.

Popo, mimi nilishuku pia, nikauliza moyoni: alama za mwaka wa nne zinakaaje na mtu mmoja wakati kuna mtahini wa nje, yule wa chuo kingine anayekagua karatasi? Lakini za nyanjani zinawezekana. Daftari na fomu ya msimamizi wa kituo hupitia kwa mhadhiri aliyetembelea, na asipotoa yeye hakuna mwenye nakala.

Mwalimu_wa_Jioni
Popo, sina haja ya kukuthibitishia kitu, ila nimeumia. Darasa la historia ya fani yetu huanza na Jane Addams, Mmarekani mwasisi wa fani hii, na nyumba ya kusaidia maskini aliyoifungua na mwenzake Chicago mwaka 1889. Kisha nawaambia waniletee mfano wa kwao. Mmoja aliniletea vyama vya lelemama vya bibi zake, wanawake waliokuwa na ngoma yao na kusaidiana harusini na misibani. Darasa zima lilisimama. Hilo nimelitunga nalo? Na huyo mwaka wa nne simjui. Kama ni wangu, anajua namba yangu.

Na kwa kuwa mnataka ukweli wote, ile barua ya muhula ujao nimeshaisaini. Sijaipeleka tu. Iko kwenye mkoba.

Shangazi_wa_Majengo
Kumbe! Sasa ushauri ulikuja kuutafutia nini?

Mwalimu_wa_Jioni
Nilikuja kutafuta mtu wa kuniambia sijakosea, shangazi. Nikiikataa hiyo barua, watampa mtu anayesoma slaidi za mwaka 2010 mbele ya darasa. Nimeona ikitokea.

Wakili_Kijana
Mwalimu, sikuhukumu, nakueleza ulipo. Kusahihisha na kuwasilisha alama ni sehemu ya kazi unayoidai malipo. Ukizishikilia, siku ya kesi upande wa chuo utasimama na kusema: hakumaliza kazi, kwa nini alipwe? Unadhani umeshika silaha, kumbe umewapa utetezi.

Fanya hivi. Peleka alama zote na barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza orodha ya unachowasilisha: kozi, idadi ya karatasi, madaftari. Wa pili madai: saa ulizofundisha, kiwango cha saa, jumla, na siku 14 za kulipa. Ambatanisha ratiba, mahudhurio na fomu za madai. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Kuanzia hapo hawana pa kujificha.

Kuhusu barua ya mkobani, usiipeleke mpaka iwe na tarehe ya malipo na sahihi yao. Wakisema wewe ni mfanyakazi wao, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba unaofika miezi 3 uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Wakisema ni mtoa huduma, hakuna mtoa huduma anayeanza kazi bila kujua atalipwa lini.

Mjomba_Kisauni
Na usiende peke yako. Wahadhiri wa mkataba mko wengi mnaodai. Barua kumi siku moja husomwa na mtu mwingine kabisa.

Mwalimu_wa_Jioni
Za nyanjani za mwaka wa nne nitazipeleka. Za mwaka wa pili nitabaki nazo kwanza, wao hawana mahafali mwaka huu.

Wakili_Kijana
Hoja ya kwamba hukumaliza kazi itabaki palepale.

Mwalimu_wa_Jioni
Nimekuelewa wakili. Bado nafikiri. Alama za mwaka wa nne hazina ubishi, zinakwenda wiki hii. Karani, ofisi za mitihani hufunga saa ngapi? Nitaomba ruhusa Likoni nitoke mapema.

Karani_Mstaafu_Tudor
Milango saa kumi na moja, lakini mwenye muhuri usimtegemee baada ya saa kumi. Madaftari yafunge kwa kamba, kila kituo fungu lake, na orodha juu. Usikubali kuambiwa "acha tu mezani".

Mwaka_wa_Nne
Ahsante mwalimu, hata kama si wewe.