Leseni ya udereva imefungwa jimbo la zamani, jimbo jipya hawanipi, na ninyi mnaouza "njia ya mkato" mnatumaliza

Wakuu, nimenyamaza tangu Februari, leo natapika nyongo.

Nipo Marekani mwaka wa saba, nabeba boksi kwenye ghala, zamu ya usiku. Ghala liko maili 14 kutoka ninapolala na basi la mwisho linapita saa mbili usiku, kwa hiyo asije mtu kuniambia nipande basi.

Nikiwa jimbo la kwanza, trafiki alinikamata kwa mwendo kasi. Kosa langu, sikatai. Faini dola 180. Mwezi uleule nikahama chumba, barua ya mahakama ikaenda anwani ya zamani. Mahakama ikahesabu nimekaidi, leseni ikafungwa. Hakuna aliyenipigia simu. Miezi minane nimeendesha huku nimefungiwa na sijui, mtoto wangu kakaa kiti cha nyuma! Majimbo mengi hilo ni kosa la jinai, unaweza kulala ndani. Na sisi ambao makaratasi yetu bado yanasubiriwa tunajua kesi ya jinai inaweza kutufanyia nini.

Nikahamia jimbo hili kwa ajili ya kazi. Nikaenda ofisi ya leseni kubadilisha, nimebeba kila karatasi, nimesubiri saa tatu nzima. Dada wa dirishani kaingiza jina na tarehe ya kuzaliwa, kaniambia: una zuio jimbo lingine. Zuio la nini? Hajui. Nimlipe yeye yaishe? Haiwezekani.

Kuna daftari la taifa la madereva, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1960, na linatunzwa na NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani. Kosa lako halimo humo. Lina jina lako, na linaonyesha jimbo gani limekufungia, basi. Majimbo yote 50 huliangalia kabla ya kukupa kadi. Waliokufungia ndio peke yao wanaoweza kukufungua.

Sasa waliokufungia wenyewe ndio hawa. Ofisi ya leseni: kalipe mahakamani kwanza. Mahakama: deni tumeshalipeleka kwa wakusanya madeni. Wakusanya madeni: dola 610. Kutoka 180! Nimelipa, nimekopa kwa shemeji nikalipa. Mahakama wakasema watatuma taarifa ndani ya siku kumi za kazi. Zilipokwisha nikapiga ofisi ya leseni, hawajaona kitu. Nikapiga mahakamani, tumeshatuma. Nimeshika simu dakika 50 nasikiliza muziki wao, kisha ikakatika. Taarifa ilipoonekana, ikabidi nilipe ada nyingine ya kufunguliwa. Nimelipa. Na juzi dirishani huku bado zuio linasoma. Kila usiku dola 26 za teksi kwenda, 26 kurudi. Hesabuni wenyewe.

Mnielewe vizuri. Mlevi aliyegonga mtu afungiwe, hata miaka kumi. Mimi nimefungiwa kwa deni. Unamnyang'anya mtu gari analoendea kazini, halafu unamdai hela ambazo angezipata kazini. California waliacha kufungia watu leseni kwa kushindwa kulipa faini za barabarani mwaka 2017, Virginia wakafuata 2020, na barabara zao bado zinapitika. Kumbe inawezekana. Nani kawazuia hawa wengine?

Lakini kilichonichoma kuliko vyote kimetoka kwetu. Kwenye magrupu ya WhatsApp wapo jamaa wanaandika kwa kujiamini: "Nenda Georgia au Wisconsin, hawamo kwenye mkataba wa majimbo, unachukua mpya." Mkataba wa kupashana makosa ni kweli hawamo. Daftari la taifa wamo! Na kwenye fomu kuna swali, je, leseni yako imesimamishwa popote? Ukijibu hapana umesaini uongo kwa serikali, na sahihi ni yako, ya aliyekushauri haimo.

Mwingine anauza kitabu cha "leseni ya kimataifa" kwa dola 300. Kibali cha kimataifa ni tafsiri ya leseni uliyo nayo, peke yake hakikupi haki ya kuendesha. Leseni ya Bongo pia haikuokoi, kwa sababu jimbo linapokufungia linafunga haki yako ya kuendesha kwenye barabara zake, hata uwe na kadi tano mfukoni. Mama mmoja ninayemfahamu, anatunza wazee, alinunua kile kitabu. Kasimamishwa asubuhi akitoka zamu, gari likavutwa, sasa ana tarehe ya mahakama na wakili wa kumlipa. Aliyemuuzia kamtoa kwenye grupu. Unasoma hapa, najua. Mrudishie yule mama hela yake.

Aliyepitia haya naomba anisaidie jambo moja. Barua ya kufunguliwa uliipeleka mwenyewe dirishani wakaikubali, au ulisubiri mpaka kompyuta zao zisomane? Msimamizi wangu kanipa hadi tarehe 30, baada ya hapo zamu anampa mtu mwingine.