Seramu inanikausha uso, nimeuziwa feki?

naka_58: Wadau hamjambo, niko Nakuru na huu upepo wa Januari umenimaliza ngozi, paji la uso linatoa magamba hadi poda haishiki. Nikanunua seramu tao elfu moja mia tano, mbele imeandikwa kwa herufi kubwa asidi ya hayaluroniki, kugeuza chupa nyuma kwa viungo naona sodiamu hayaluroneti tu. Nimeibiwa ama? Halafu naipaka nikitoka kuoga nikishajipangusa kabisa, dakika chache iko poa, baadaye uso unavuta unakuwa mgumu kuliko hata nikiwa sijapaka kitu. Na beshte yangu Kisumu anatumia hiyo hiyo na anang'aa tu. Hii maneno ya asidi nayo, haitanichoma?

dawa_kaunta: Hujaibiwa dadangu. Hiyo ni chumvi ya sodiamu ya asidi yenyewe, watengenezaji wengi huweka hiyo juu ni imara zaidi haiharibiki haraka. Na kuchoma haichomi, si zile asidi za kubandua ngozi. Hata mwili wako unaitengeneza, mtu mzima wa kilo 70 ako nayo karibu gramu 15 na kama nusu iko kwa ngozi. Waliigundua 1934, Karl Meyer na John Palmer pale Columbia University New York, kwa jicho la ng'ombe, baadaye ikawa inatolewa kwa upanga wa jogoo, siku hizi nyingi ni bakteria wanaitengeneza kiwandani.

Shida yako ni vile unapaka. Kazi yake ni kushika maji, haikuji na maji ya kutosha yake, sasa wewe unajipangusa uso ukauke ndio upake, itashika nini? Na Nakuru iko juu, kama mita 1,850, kiangazi hewa ni kavu, kile kiunyevu kilichoko usoni kinapeperuka. Usiniambie ati hata sisi tuko na ziwa. Paka uso ukiwa umelowa, matone mawili matatu yanatosha, halafu kabla haijakauka funika na krimu ama vaselini kidogo.

jakisumo_254: Huku Kondele, Kisumu, ni jasho tu, hiyo hewa yenyewe ina maji ndio maana beshte yako anang'aa, si ujanja wake 😂 Lakini 1500 jameni! Glisarini ya kemisti pia inashika maji na ni bei ya chini sana. Changanya tu na maji, usipake ikiwa yenyewe.

mama_wawili_bungoma: Kuna mtu ananiuzia ya asilimia 5 anasema itanitoa madoa na kunifanya mweupe kwa wiki moja, ni ukweli?

dawa_kaunta: Mama, hapana. Hii ni ya unyevu, rangi haigusi. Ukiona kitu kinakufanya mweupe kwa wiki jua kuna kingine ndani, na krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa Kenya. Na hiyo asilimia 5 pia niko na wasiwasi nayo. Ile ya molekuli kubwa hata kwa asilimia 1 inavutika kama mrenda, sasa ikiwa inamwagika kama maji aidha ni molekuli ndogo sana ama hiyo 5 wamehesabu mchanganyiko walionunua ukiwa na maji tayari, si asidi yenyewe. Namba ya mbele ya chupa ni ya kuuza.

naka_58: Asanteni sana. Lakini vaselini asubuhi na vumbi la stage, si nitafika kazini nimekuwa matope?

dawa_kaunta: 😂 Basi vaselini iwe ya usiku. Asubuhi seramu kwa uso uliolowa, losheni nyepesi, sanskrini ya mwisho. Na hayo magamba yakikataa kuisha ama yaanze kuwasha, wacha seramu zote uende uonwe na daktari, saa zingine si ukavu.