Tupeane uzoefu: barua pepe ya madoido ilipokufikia kavu, ilikugharimu nini?

FundiSeva: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa seva, barua za kazini nazisomea kwenye Mutt, programu ya barua pepe ya maandishi matupu, ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri). Herufi nyeupe, kioo cheusi, basi. Nimezoea hivyo tangu chuo na sikuwahi kuona tabu mpaka mwezi uliopita.

Kuna ofisi nilikuwa naifungia mtandao wa ndani. Wakanitumia orodha ya vifaa vya kununua, kwangu ikasomeka hivi:

Swichi ya porti 24 - 2
Raki ya ukutani - 1
UPS - 2
Kebo ya Cat6, boksi - 5 3

Hiyo "5 3" niliitazama mara mbili, nikajiambia kidole kimeteleza, nikashika 5. Nikaenda Kariakoo, nikanunua, nikapeleka. Mama wa ununuzi ananiuliza, "Baba, hii raki ya nini na nilishaikata?" Akanigeuzia kompyuta yake. Raki imepigwa mstari katikati. Ile 5 nayo imepigwa mstari, na 3 iko pembeni kwa rangi nyekundu. Kwake orodha haina utata hata kidogo.

Nikaenda kuichungulia ile barua kwa ndani. Barua za namna hiyo hubeba nakala mbili kwenye bahasha moja, utaratibu uliokuja na MIME (kanuni za kupanga vilivyomo ndani ya barua pepe) mwaka 1992: moja ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti, yenye rangi na mistari, nyingine ya maandishi matupu. Programu ya msomaji inachukua ile inayoiweza. Sasa ile nakala tupu kwa kawaida haiandikwi na mtu. Programu ya mtumaji inachuja tu ile nyingine, tagi (alama za HTML zinazobeba madoido) zinatoka, maneno yanabaki. Na neno lililokatwa nalo ni neno. Linafufuka bila hata kovu.

Haya, mwageni na yenu.

MtuWaPwani: 😂 Pole mkuu. Mimi ni herufi moja tu iliyoniponza. Ijumaa asubuhi bosi ananijibu: "Ripoti nimeipata, tuonane saa nne J". Nasoma kwa Alpine, nayo ni ya maandishi matupu kama Mutt. J ngapi sasa? Nikajua kasahau namba. Kesho ni J1, hatufanyi kazi, keshokutwa J2 ndiyo kabisa, basi itakuwa J3. Nikaendelea na shughuli zangu. Saa nne na nusu simu inaita: uko wapi?

Kumbe aliandika nukta mbili na mabano. Programu yake ikageuza kuwa kauso kanakocheka, na kauso kenyewe ni herufi J iliyovalishwa Wingdings, fonti inayoonyesha vipicha badala ya herufi. Ukiivua fonti, unabaki na J. Nilimsubirisha mzee wa watu kwa sababu ya tabasamu lake mwenyewe. Baadaye ikaja "Seva imezima tena L", hiyo nikajua ni kauso kalikonuna.

KijanaWaTabata: Mnajitakia tu nyie. Simu si mnazo? Fungueni huko muone hizo rangi zenu.

FundiSeva: Kwenye simu naona, mkuu. Sasa ningejuaje kwamba kuna mstari wa kwenda kuutafuta kwenye simu?

BintiHesabu: Kwangu aliyeumia ni skripti, kiprogramu kidogo cha kazi moja. Tuna sanduku la barua linalopokea taarifa za malipo, skripti inachomoa namba ya kumbukumbu na kuioanisha na ankara. Ilifanya kazi vizuri mpaka watumaji walipoamua kuweka nembo na vitufe. Asubuhi nakuta vitu kama kiasi=3D45000.

Ni usimbaji wa quoted-printable, namna ya kufungasha maandishi ya barua pepe kwa safari. Mstari hauruhusiwi kuzidi herufi 76, ukizidi unavunjwa kwa alama ya =, na = halali ya mwandishi inageuzwa kuwa =3D. Kila namba ya kumbukumbu iliyoangukia ukingoni ikakatika vipande viwili. Watu wamelipa na tunawapigia simu kuwadai! Dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya skripti, kufungua usimbaji kwanza ndipo usome. Kosa langu, nakiri, lakini matusi nilishayala.

MsikilizajiTu: Mimi sioni, kompyuta ndiyo inayonisomea. Mwaliko wa kikao cha wazazi ulikuja wote kama picha moja. Nikasomewa: "image001 nukta png". Nikajibu kwa adabu, naomba kujua kikao ni lini. Wakanitumia picha ile ile, safari hii kubwa zaidi.

MtuWaPwani: Aisee 🙆🏾‍♂️ Ukafanyaje?

MsikilizajiTu: Nilimpigia mlinzi wa getini. Alijua tarehe na saa.

FundiSeva: Mlinzi apewe maua yake.

Kwa wenzangu wa Mutt: siku hizi nimeweka auto_view text/html na kuipitisha w3m (kivinjari cha maandishi matupu), kisha kwenye alternative_order nimetanguliza HTML. Rangi bado sizioni, ila maneno yaliyokatwa w3m inayazungushia alama, mfano [DEL:5:DEL], mradi mtumaji ametumia tagi ya kukata. Na mama wa ununuzi siku hizi ananiandikia "usinunue" kwa herufi kubwa. Tunaelewana vizuri.

Raki duka halikuirudisha. Ipo sebuleni, mama watoto ameshaweka birika la chai juu yake. Mwenye uhitaji anicheki PM.